Uzi: Ukigongwa Thika Road hapa Ruiru, ni makosa ya nani?

Kila msimu wa siasa ukikaribia, hii hoja hurudi. Mtu anagongwa kwa barabara kuu, wakaazi wanawasha matairi, na kabla moto uzime, huku mtandaoni tushagawanyika. Kambi moja inasema raia ni wakaidi, daraja liko hapo juu na bado wanaruka vyuma. Kambi ya pili inasema serikali ndiyo imeua. Halafu mheshimiwa mtarajiwa anasimama juu ya gari lenye spika, anaahidi daraja lingine, tunapiga makofi, tunaenda nyumbani. Mimi hukaa Ruiru na hiyo barabara naivuka karibu kila siku, kwa hivyo tulia nikueleze mambo yalivyo.

Barabara ilianza kupanuliwa 2009, ikafunguliwa rasmi 2012. Ni karibu kilomita 50 kutoka Nairobi hadi Thika, na pesa zilitoka kwa serikali yetu, Benki ya Maendeleo ya Afrika na mkopo wa China. Ilitusaidia, tusidanganyane. Anayekumbuka foleni ya Githurai ya zamani hawezi kuitukana hii lami. Lakini ilijengwa ili magari yaende mbio, na ikapitishwa mahali watu wanaishi. Angalia sensa: 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858, 2019 wakawa 490,120. Yaani mji umezidi maradufu huku barabara inaukata katikati. Mtoto anasoma upande huu, mamake anauza nyanya upande ule, na steji ya kwenda tao iko ng'ambo.

Sasa njoo kwa mwendo, maana hapa ndipo mjadala wetu huwa mwepesi sana.

Gari likiwa na kilomita 100 kwa saa linakula karibu mita 28 kila sekunde. Chukua mahali pa leni tatu upande mmoja, kila leni mita tatu na nusu. Mtu mzima mwenye nguvu anazivuka kwa sekunde 9 hivi. Ndani ya hizo sekunde gari limesonga mita 250. Kwa hivyo ile gari unayoiona mbali, ukasema "bado", ndiyo hiyo hiyo inakukuta leni ya tatu. Shosho mwenye magoti mabovu anahitaji kama sekunde 13, na gari lake la hatari liko zaidi ya mita 350 nyuma. Usiku taa za chini za gari hazifiki hata robo ya hapo. Naye dereva akishakuona, kwa huo mwendo anahitaji karibu mita 100 kusimama kabisa, lami ikiwa kavu na breki nzima. Angekuwa na 50, mita 35 zingemtosha.

Shirika la Afya Duniani linasema gari likitoka 50 hadi 65, hatari ya anayegongwa kufa inapanda mara nne na nusu. Hiyo ni tofauti ya 15 tu! Sheria yetu ya trafiki inasema 50 ndani ya mji, na gari dogo linaruhusiwa hadi 110 kwa barabara yenye njia mbili zilizotengwa. Matatu zinafaa kuwa na kidhibiti mwendo cha 80 tangu 2004 (cheka pole pole). Sasa dereva anayepita Ruiru yuko mjini ama yuko safarini? Lami inamwambia yuko safarini, na dereva husikiza lami kuliko kibao.

Haya, daraja. Mbona watu hawapandi? Wengine ni uvivu, sikatai, na wengine wametoka Kamakis wakiwa wameshiba nyama na vitu vingine. Lakini daraja likiwa mbali na mahali matatu inakushusha, unaambiwa utembee kwenda, upande, uteremke, utembee kurudi, na mzigo kichwani. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi ngazi kabisa. Saa tatu usiku, daraja bila taa ni mahali pa kuporwa simu, na dada zetu wanalijua hilo vizuri. Mtu anapima hatari mbili na kuchagua ile anayodhani anaweza kuikimbia. Na makanga anayekuteremsha kando ya leni za kasi badala ya kuingia barabara ya pembeni hasumbui akili juu ya hayo, anahesabu trip.

Matuta nayo? Raia wakichoma matairi, matuta ndiyo jibu la haraka, na kweli yanapunguza mwendo. Ila tuta kwenye barabara ya kasi, bila taa na bila alama, linaleta ajali zake za lori kuingia nyuma ya probox.

Mwaka 2024 NTSA ilihesabu watu 4,748 waliokufa barabarani nchi nzima. Zaidi ya theluthi moja walikuwa wanatembea kwa miguu. Hawakuwa na gari, na wengi wao ndio hupiga kura mapema asubuhi.

Ndio maana nataka ujue wa kuuliza. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka barabara kuu za kitaifa mikononi mwa serikali ya kitaifa, na Thika Road iko chini ya KeNHA. Kaunti ina barabara za kaunti na taa za mitaani. Kwa hivyo MCA akikuahidi daraja juu ya Thika Road, muulize atalijenga na bajeti gani. Anachoweza kupigania ni njia ya kutoka mtaani kwako hadi kwa hilo daraja: iwe na taa, isiwe matope, vibanda visiibane. Mbunge ndiye wa kuulizwa juu ya KeNHA, maana bunge ndilo hupitisha bajeti yake. Kila lita ya petroli au dizeli inakatwa shilingi 25 za ukarabati wa barabara, zilipanda kutoka 18 Julai 2024. Hata asiye na gari anazilipa ndani ya nauli. Muulize ngapi kati ya hizo zinaenda kwa njia za miguu na taa za madaraja, na ni nani anapima mwendo wa magari kati ya Kimbo na Toll saa mbili usiku.

Boda kupita juu ya madaraja nitaandikia uzi wake. Hiyo ngoma ni ndefu na najua mnanoa visu.