Maskati: Kisima, Bandari na Lango

Wengi wetu tulilelewa tukisikia kwamba babu alikuja Zanzibar "kutoka Maskati". Ukichunguza, mara nyingi babu huyo alizaliwa Ibra, Rustaq au Nizwa, huko bara, na Maskati ilikuwa mahali alipopandia jahazi tu. Wengine hata hawakupita hapo, walipandia Sur. Basi mji huu ulipataje kulimeza jina la nchi nzima?

Ulianza kwa maji. Maandishi ya Kiarabu ya mwaka 851, juu ya safari za Bara Hindi na Uchina, yanaeleza kwamba vyombo vilivyotoka Siraf vilitia nanga Maskati kuteka maji ya kisima kabla ya kuvuka bahari kuu. Zama hizo mji mkubwa wa biashara ulikuwa Sohar. Maskati haikuwa na mashamba ya maana wala nafasi, kwani majabali yameibana. Lakini majabali hayo hayo yaliikinga bandari na upepo, na kuifanya iwe rahisi kulindwa.

Wareno waliliona hilo. Mwaka 1507 Afonso de Albuquerque aliuchoma mji. Baadaye, hasa walipopoteza Hormuz mwaka 1622, wakaufanya kituo chao kikuu. Ngome za Jalali na Mirani, zinazoitazama bandari hadi leo, walizijenga katika miaka ya 1580. Imamu Sultan bin Seif al-Yaarubi aliwatoa mwaka 1650, na hapo historia ya Maskati inaanza kuwa historia yetu, sisi wa Afrika Mashariki: Oman ikapata nguvu baharini, na mwaka 1698 Ngome ya Yesu ya Mombasa ikaangukia mikononi mwake.

Hata hivyo Maimamu waliendelea kukaa bara. Makao ya utawala yalihamia Maskati mwishoni mwa karne ya 18 tu, zama za Hamad bin Said al-Busaidi, forodha ilipokwisha kuwa hazina ya dola. Ndani ya kuta pakabaki padogo. Misafara ya ngamia iliishia Matrah. Mpaka mwaka 1970 malango yalifungwa usiku, na mwenye kutembea gizani sharti abebe taa. Jamaa zetu waliorejea miaka iliyofuata waliukuta mji ukimwagika nje, kuelekea Ruwi na mbele zaidi.

Kwa hiyo anayeandika nasaba ya ukoo wake, akikuta "Maskati" katika hati ya zamani, asiishie hapo. Awaulize wazee: kabila gani, wadi gani, na mitende yao ilinywa falaji gani.