Amana ya Wenye Nyaya
Mimi mkaazi wa Ganjoni, na bahari yetu hii ndiyo njia ya intaneti. Tangu 2009 nyaya zake zimetia nanga hapa Mombasa, zikipeleka mawasiliano hadi Uganda. Januari 13, 2021, mkesha wa uchaguzi, serikali ya Uganda iliamuru intaneti izimwe. Makampuni ya simu, MTN na Airtel yakiwemo, yakatii. Haikurudi hadi Januari 18.

Ni mtihani mzito: leseni hutolewa na serikali, na mkaidi hufungiwa duka. Lakini mteja amekwisha kulipa, na kwetu amana hurudi kwa mwenyewe. Kampuni isiyoweza kukataa na iseme waziwazi nani kaamuru, kisha irudishe fedha. Nauli ya jahazi lisilong'oa nanga si halali kuliwa.