Daftari la Kocha wa Yamumbi

Daftari langu la sasa ni la nne. Lina jalada gumu jeusi, nami nimelivisha kipande cha turubai kwa sababu hapa Yamumbi, Eldoret, mvua za alasiri zikianza Aprili hazituachi hadi Agosti ipite. Upande wa kushoto wa kila ukurasa kuna majina, na juu kuna tarehe za mazoezi. Aliyefika namtilia alama ya vema. Asiyefika naacha nafasi yake wazi. Wageni wakija kuitazama klabu yetu huuliza makombe yako wapi. Mimi huwaonyesha daftari.

Kombe tunalo moja. Tulilipata mwaka wangu wa pili, katika mashindano ya watoto wa chini ya miaka 13, na ndilo lililonifundisha kulisoma daftari. Nilikuwa nimewachagua wenye miili mikubwa, wenye mbio na mateke ya mbali. Wadogo niliwakalisha juu ya gogo la mkaratusi lililokuwa benchi letu, mechi baada ya mechi. Siku ya fainali tulibebwa mabegani. Mwezi uliofuata nikafungua daftari na kukuta nafasi wazi mbele ya majina 11 kati ya 26. Wote 11 walikuwa watoto wa kwenye gogo.

Nilimfuata mmoja kwao, nikamkuta akipukuchua mahindi. Mama yake alinikaribisha chai, akaningoja ninywe, kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, huyu alikuwa anakuja kwako kukaa. Kukaa anaweza hata hapa nyumbani."

Sikuwa na jibu. Nilichofanya ni kuyabadilisha mazoezi yote.

Uwanja mkubwa ni kipimo cha watu wazima. Goli kamili lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na mtoto wa miaka 9 akifungwa humo kwa mpira wa juu hana kosa lolote. Tena mkiingia 11 kwa 11, mpira ni mmoja na watoto ni 22. Winga mdogo anaweza kumaliza kipindi kizima akiwa ameugusa mara chache za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Sasa uwanja tulioazimwa na shule naugawa mara nne kwa koni. Wanacheza 4 kwa 4, goli ni vijiti viwili vilivyoachana hatua tatu, na golikipa hayupo. Hakuna pa kujificha hapo. Aliyepoteza mpira ndiye wa kwanza kuufukuzia, na aliye mwoga wa kupiga chenga atalazimika kujaribu kwa sababu mpira utamrudia baada ya muda mfupi tu. Kila baada ya dakika chache napuliza filimbi, timu zinabadilishana uwanja. Gogo liko palepale, siku hizi linawekewa sweta.

Saizi ya mpira nayo ni jambo ambalo wengi hulipuuza. Walio chini ya miaka 8 huchezea saizi 3, wa miaka 8 hadi 12 saizi 4, na saizi 5, yenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70, huanza wakifikisha miaka 13. Mtoto mdogo akipewa mpira mkubwa na mzito hujizoeza kuupiga kwa ncha ya kidole, na tabia hiyo haimtoki kwa urahisi. Mipira ya dukani ikipungua tunasokota wenyewe. Zamani ulikuwa mpira wa juala. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017, majuala yameadimika, na watoto hutumia matambara na soksi kuukuu zilizofungwa kwa kamba ya katani. Haudundi sana, lakini mguu unaojifunza kutuliza mpira hauhitaji mdundo.

Wazazi wengine bado wananilaumu kuhusu mbio. Huu ni mji wa wanariadha, na kila asubuhi barabara ya kwenda Iten ina watu wanaokimbia ambao dunia inawajua. Basi baba anasimama kando ya uwanja, mikono nyuma, ananiuliza: "Kocha, mbona hawazunguki uwanja?" Namwambia atazame mchezo. Mtoto anachomoka, anasimama ghafla, anageuka, anachomoka tena. Hizo ndizo mbio za mpira. Kifua anacho tayari, kwa kuwa amezaliwa mahali palipoinuka mita zipatazo 2,100 kutoka usawa wa bahari na huenda shule kwa miguu. Asichokuwa nacho ni saa za kutosha na mpira mguuni, na mimi ninazo tatu tu kwa wiki. Siwezi kumpa mzee mmoja hata dakika 15 za hizo.

Katika kurasa za mwisho za daftari kuna safu nyingine: tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, simu ya mzazi, ugonjwa kama pumu au kifafa, na jina la anayemchukua mtoto jioni. Safu ya kabila haimo. Waliokuwa hapa Eldoret mwanzoni mwa 2008 wanajua kwa nini. Katika ghasia za baada ya uchaguzi nyumba zilichomwa, majirani walikimbiana, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukageuka kambi ya waliofurushwa. Watoto wangu wote wamezaliwa baada ya hapo, wa Kikuyu, wa Kikalenjin, wa Kiluhya, na uwanjani tuna sharti moja la lugha, nalo ni Kiswahili tu. Pasi huombwa kwa lugha ambayo kila mwenzako anaisikia.

Tarehe ya kuzaliwa siifanyii mchezo. Kudanganya umri huleta kombe leo na kumnyang'anya mtoto mwingine nafasi yake. Pia karatasi hizi zina thamani ambayo klabu ndogo nyingi hazijui. Tangu 2001, kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya bei igawiwe klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Mchezaji wa Kenya Victor Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, bei iliyotajwa ilikuwa pauni milioni 12.5. Kwa bei hiyo, kila mwaka wa malezi kati ya umri wa miaka 12 na 15 ni pauni 31,250. Klabu ambayo haikumsajili mchezaji wake katika shirikisho haina cha kudai. Ndiyo maana tulianza kufuata usajili wa klabu yenyewe kwa Msajili wa Michezo kama Sheria ya Michezo ya 2013 inavyotaka, ingawa nauli na nakala za karatasi zilitoka katika mchango wa wazazi wa shilingi 20 kwa wiki.

Wasichana walikuja kwa wingi baada ya 2024, mwaka ambao Junior Starlets, wasichana wa chini ya miaka 17, walikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufuzu Kombe la Dunia la FIFA, wakaenda Jamhuri ya Dominika na kuichapa Mexico 2-1. Hapo nilimwomba mama mmoja aliyewahi kucheza shuleni awe msaidizi wangu, na tukaweka kanuni kwamba hakuna mtoto, wa kike wala wa kiume, anayebaki peke yake na mtu mzima mmoja, iwe uwanjani, iwe safarini. Klabu isiyo na kanuni hiyo usiipelekee mwanao, hata ikiwa na makombe kabati zima.

Yule mtoto wa mahindi alirudi. Oktoba na Novemba alama zake hukatika, kwa sababu ni majira ya mavuno, nami simwulizi.

Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi saa kumi na nusu jioni, na Jumamosi saa tatu asubuhi. Mzazi wa Yamumbi, ukimleta mwanao, si lazima awe na njumu. Njoo na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, na uandike kwa mkono wako ni nani atakayekuja kumchukua.