Kufiwa Ukiwa Ugenini: Msiba wa Kwenye Simu na Afya Yako

Leo safu yetu ya afya inagusa jambo ambalo wengi hatupendi kulizungumza mpaka litukute: kufiwa ukiwa mbali na nyumbani. Wapo watakaosema kufiwa si ugonjwa, sasa linatafuta nini kwenye ukurasa wa afya. Nisomeni kwanza.

Mnajua jinsi linavyokuja. Simu saa 10 usiku, namba ya nyumbani. Au unaamka unakuta kundi la WhatsApp la ukoo limejaa pole na dua, na wewe hakuna aliyekupigia. Mama hayupo tena. Nauli huna, au nauli unayo lakini karatasi hazikuruhusu. Unatuma rambirambi, unalia bafuni maji yakiwa wazi ili wapangaji wenzako wasisikie, na saa 12 asubuhi umo ndani ya teksi unakwenda kazini Sandton.

Miezi mitatu baadaye unafika kliniki. Kifua kinabana, kichwa kinauma, usingizi hakuna, chakula hakipiti. Vipimo vyote vinarudi safi. Muuguzi anakuuliza kama kuna jambo limekupata hivi karibuni, unajibu, "Hakuna kitu, sista." Sisi tunaojua Kiswahili huwa tunaongeza swali moja: "Na nyumbani, wote wazima?" Hapo ndipo machozi hutoka.

Kuna elimu nzima inayochunguza kifo, kufa, na majonzi ya wanaobaki. Inaitwa thanatolojia, jina lililotolewa mwaka 1903 na Élie Metchnikoff, mwanasayansi aliyefanya kazi Paris. Sehemu yake inayojulikana zaidi ni zile hatua tano za Elisabeth Kübler-Ross: kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni nzito, na kukubali. Siku hizi hata wachungaji wanazihubiri. Lakini kitabu chake cha mwaka 1969 kilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanaelekea kufa hospitalini Chicago, si na wafiwa. Kwa hiyo ndugu yangu, usijipime kwa hatua hizo kama vituo vya basi, ukajiona una kasoro kwa sababu umefika "kukubali" Jumatatu na Alhamisi umerudi kwenye hasira.

Maelezo ninayoyaona ya kweli zaidi kazini ni ya Margaret Stroebe na Henk Schut wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waliyoyachapisha mwaka 1999. Wao wanasema mfiwa huenda na kurudi kati ya kazi mbili: kumlilia marehemu, na kuendelea na maisha, yaani kodi ya nyumba, watoto, kazi. Ni kama mtu anayehamisha mzigo kutoka bega hili kwenda lile. Mwenye kulia tu bila kupumzika anaumia, na mwenye kukimbilia kazi tu bila kulia naye anaumia. Wengi wetu hapa Afrika Kusini tuko kundi hilo la pili.

Na kuna Mkenya, John Mbiti. Mwaka huo huo wa 1969 alichapisha kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, akatumia maneno yetu wenyewe, sasa na zamani. Alieleza kwamba marehemu ambaye bado anakumbukwa kwa jina na waliomjua yumo ndani ya sasa, na huingia zamani anapoondoka mtu wa mwisho aliyemkumbuka. Wataalamu wa Marekani walihitaji mpaka mwaka 1996 kutoa kitabu cha kusema kwamba mfiwa mzima wa akili huendelea kuwa na uhusiano na marehemu wake, na kwamba halazimiki "kumwachia aende". Kwa hiyo ukimsimulia mama yako aliyefariki habari za siku yako ukiwa unakaanga vitunguu, huna kichaa.

Sasa tuje kwenye matanga, neno linaloeleweka kutoka Lamu mpaka Kinshasa, ingawa ndugu zetu wa Kivu wengi watasema kilio. Hebu fikiria yanafanya kazi gani. Yanakuonyesha mwili, au angalau kaburi. Macho huelewa kabla ya masikio. Yanakutoa kazini. Yanakuletea watu wa kupika, wa kulala nawe mkekani, na yule shangazi asiyeondoka mpaka umalize uji. Yanakuruhusu kulia kwa sauti. Kisha kwa sisi wa Tanzania anaingia mtani, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, unajikuta unacheka na machozi hayajakauka. Huko ndiko kuhamisha mzigo begani kwenyewe! Halafu yana mwisho: siku ya tatu, arobaini, kuanua matanga. Unaambiwa mbele za watu kwamba sasa nywele zichanwe, kazi ifanywe.

Msiba wa kwenye simu haukupi hata kimoja katika hivyo. Unabaki na habari tu.

Na mara nyingine hata habari hupewi. Hapa nataka niseme na nyinyi mlioko nyumbani pia, maana najua mnasoma. Tuna desturi ya kumficha aliye mbali. "Baba anaumwa kidogo, jitahidi uje," kumbe ameshazikwa. Au wanakaa kimya mwezi mzima ili "asichanganyikiwe". Nia ni njema, madhara ni makubwa. Aliyefichwa hugundua kwamba siku watu wanazika yeye alikuwa anakunywa bia Yeoville au amekaa kinyozi, na hilo linamtafuna kuliko kifo chenyewe. Baada ya hapo haamini tena simu yoyote. Kila mtu akisema "wote wazima" anasikia uongo. Ushauri wangu: zungumzeni mapema, mkiwa wote wazima kweli. Chagueni ndugu mmoja mwenye moyo awe ndiye wa kukupigia, akupe habari kamili saa hiyo hiyo, na asikupigie akijua uko kwenye usukani au uko peke yako kama inaweza kuepukika. Mfanye hivyo hata kama mzee atakemea kwamba mnamwitia mauti.

Upande wa kazi, wengi hawajui haki yao. Sheria ya masharti ya ajira ya Afrika Kusini inatoa siku 3 kwa mwaka zenye malipo kwa mfanyakazi aliyekaa kazini zaidi ya miezi 4 na anayefanya kazi angalau siku 4 kwa wiki. Ukiomba, itaje kwa jina lake, family responsibility leave, na uwe tayari kuonyesha ushahidi, kama cheti cha kifo kilichopigwa picha na kutumwa. Inahusu mume au mke, mzazi, babu na bibi, mtoto, mjukuu, kaka na dada. Mama mdogo hayumo. Baba mkubwa hayumo. Mwaka 1989 Mmarekani Kenneth Doka alieleza majonzi ya aina hii, ambayo jamii inayokuzunguka haiyahesabu. Mama mdogo aliyekunyonyesha na kukulea amefariki, bosi anauliza, "Your aunt?" na anarudi kwenye kompyuta yake. Kama hali ni hiyo, omba siku katika likizo yako ya mwaka, na usijidanganye kwamba eti kwa kuwa sheria haimtambui basi uchungu wako ni mdogo.

Karatasi nazo ni mtihani. Mwenye hadhi ya mkimbizi, au anayesubiri hifadhi, akirudi katika nchi aliyoikimbia anaweza kupoteza ulinzi huo. Aliyepitiliza muda wa viza naye, kwa kanuni za uhamiaji za mwaka 2014, akitoka anaweza kufungiwa kurudi miezi 12, na kama amezidisha zaidi ya siku 30, miaka 5. Kabla hujapanda basi kwa uchungu, ongea na mwanasheria. Lawyers for Human Rights wana ofisi hapa jijini. Kutokwenda kuzika kwa sababu hiyo si ukosefu wa mapenzi, na wanaokusema nyumbani hawajui kinachokuzuia. Waambie.

Wakati wa korona, kuanzia Machi 2020, mazishi ya hapa yaliwekewa kikomo cha watu 50 na mikesha ikapigwa marufuku. Wenyeji wakazika wazazi wao kwa kuangalia simu. Wenzangu Wasauzi kazini waliniambia hawakujua kwamba jambo hilo linaweza kuumiza hivyo. Sisi tulikuwa tunajua.

Basi ufanye nini? Kaa matanga hapa hapa! Huhitaji turubai. Sebule ya rafiki inatosha, hata saa 3 tu za Jumapili, na ukiwaeleza majirani mapema hawatalalamika kelele. Vyama vyetu vya kufa na kuzikana vingi hapa vina mipango ya kusafirisha mwili wa aliyefia hapa, ambalo ni jambo jema na gharama yake inajulikana. Lakini vichache vinamkumbuka mwanachama aliyefiwa kule. Pelekeni hoja hiyo mkutanoni: wanachama wawili walale kwake usiku wa kwanza, wengine walete chakula siku tatu.

Fanya kitu saa ile ile wanayozika. Afrika Mashariki iko mbele yetu saa moja, kwa hiyo maziko ya saa 10 alasiri Tanga, hapa ni saa 9; Bukavu na Lubumbashi saa zetu ni sawa. Waislamu tunayo swala ya ghaibu, ambayo madhehebu ya Shafii tunayoyafuata pwani yanairuhusu. Mtume mwenyewe, akiwa Madina, alimswalia Najashi aliyefia Uhabeshi. Wakristo, mwombeni padri au mchungaji misa au ibada ya kumbukumbu siku hiyo, jina litajwe. Omba utumiwe kitu cha kushika: kanga yake, tasbihi yake, kofia yake. Video ya mazishi iangalie ukiwa na mtu, na si lazima uiangalie siku ya kwanza.

Watoto msiwaambie bibi "amesafiri" au "amelala". Kwa mtoto wa familia ya wahamiaji neno kusafiri ni zito, maana baba yake naye husafiri. Mwambie bibi amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi. Atauliza tena na tena. Jibu vile vile.

Wapo wenye msiba usio na kaburi. Tangu M23 walipoingia Goma Januari 2025, wapo Wakongo hapa Hillbrow na Berea ambao simu ya ndugu yao haiiti tena. Wazanzibari wanaikumbuka meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011, wengine hawakupatikana kamwe. Pauline Boss wa Marekani ameandika sana juu ya kupotelewa kwa namna hii, na ushauri wake mkubwa ni kwamba usimlazimishe mtu aamue kama ndugu yake ni hai au maiti. Anaweza kumwombea na kumtafuta kwa wakati mmoja. Tafadhalini, msimwambie "kubali tu yaishe".

Sasa mwili. Mwaka 2012 watafiti wa Boston walichapisha matokeo kutoka kwa wagonjwa 1,985 waliopata shambulio la moyo: siku ya kwanza baada ya kufiwa na mtu wa karibu, hatari ilikuwa karibu mara 21 ya siku za kawaida, na ndani ya wiki ya kwanza karibu mara 6. Kuna pia hali ambayo madaktari wa Japani waliieleza mwaka 1990, moyo unavimba upande mmoja kwa mshtuko, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Waliuita takotsubo, chombo cha kunasia pweza, kwa umbo lake. Kwa hiyo maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda mkononi au tayani, yenye jasho na kukosa pumzi, msiyaite "majonzi tu". Kimbieni hospitali.

Kinachonitisha zaidi ni vidonge. Mfiwa anaacha dawa za presha, za sukari, ARV, kwa sababu anasahau au haoni faida. Wewe rafiki uliyekwenda kutoa pole, uliza: "Dawa zako umemeza leo?" Na angalia chupa. Pombe ya kutafutia usingizi huanza na glasi moja.

Kulia, kumwona marehemu ndotoni, kukosa hamu ya kula kwa wiki kadhaa, hayo ni kawaida. Lakini kama miezi 6 mpaka 12 imepita na bado kila siku uchungu uko kama siku ya kwanza, huwezi kufanya kazi wala kulea, hilo sasa madaktari wanalitambua kuwa ugonjwa na lina tiba ya mazungumzo. Huwapata karibu mtu 1 kati ya wafiwa 10. Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema wazee, kwa hiyo usisubiri. Anza kliniki ya mtaani kwako. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg ililizuia kundi la Operation Dudula kufukuza wageni kwenye vituo vya afya, kwa hiyo anayesimama getini kudai pasipoti yako hana mamlaka hayo. Waliopitia vita au mateso waulizie kliniki ya CSVR, Braamfontein.

Ukisikia mawazo ya kumfuata marehemu, hiyo ni dharura ya usiku huo huo, hata miezi ikiwa haijatimia. Namba ya SADAG ni 0800 567 567, saa 24. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, mpe rafiki simu aongee, naye akae pembeni yako mpaka asubuhi.