Nasaba Zetu na Majina ya Miji Yaliyobadilika

Ndugu zetu Waislamu, katika mambo ambayo wazee wetu walikuwa wakiyahifadhi sana ni nasaba. Mtoto akifundishwa jina la baba yake, na la babu yake, na la baba wa babu yake, kama anavyofundishwa juzuu yake. Siku hizi wengi wetu twaziandika nasaba hizo katika madaftari, na hilo ni jambo jema. Lakini tumeona kasoro moja: majina ya watu twayaandika kwa uangalifu, na majina ya mahali twayaandika ovyo. Kasoro hii huonekana ndogo, kumbe yaweza kumnyima mtu haki aliyopewa na Mola wake. Tutaeleza yaliyotupata sisi wenyewe, ili wenzetu wapate mazingatio.

Jamaa zetu ni watu wa Vanga, karibu na pale Mto Umba unapoingia baharini. Mzee mmoja katika jamaa hao alifariki, hakuacha mke, wala mtoto, wala ndugu. Warithi wake wakawa wana wa ami zake. Wakatazamwa waliokuwapo Vanga, mmoja wao akiwa ni baba yetu, na shamba la minazi likagawanywa baina yao. Katika karatasi za marehemu palikuwa na jina la ami mwingine, limeandikwa kuwa ni mtu wa Tanganyika. Aliyetusomea karatasi hizo akasema kuwa huyo ni mtu wa nchi nyingine, hana uhusiano nasi. Nasi tukanyamaza.

Miaka mingi ikapita, na baba yetu naye akafariki. Tulipofungua sanduku lake tuliona khati ya zamani kwa herufi za Kiarabu, inayomtaja ami yule kuwa ni ndugu wa wenziwe kwa baba na mama, na kuwa makazi yake ni Jasini. Waama, Jasini ni jirani ya Vanga upande wa kusini, na wazee wetu wakiendeana kwa miguu katika arusi na maziko. Mtu yule hakuwa amekwenda ugenini. Alihama kijiji tu, kisha mpaka ukapita baina yake na nduguze.

Na mpaka huo ulipita hivi. Hapo kwanza pwani yote ile ilikuwa milki ya Sultani wa Unguja. Mwaka 1886 Waingereza na Wajarumani walipatana kugawana bara, na mstari wao ukaanzia penye mlango wa Mto Umba. Sultani akaachiwa ukanda wa pwani wa maili kumi. Mwaka 1890 Wajarumani wakaununua upande wa kusini kwa mark milioni nne, na Jasini ikawa katika Deutsch-Ostafrika. Januari 1915 palipiganwa vita vikali hapo hapo Jasini. Kuanzia mwaka 1920 nchi ile ikaitwa Tanganyika, na mwaka 1964, baada ya kuungana na Zanzibar, ikaitwa Tanzania. Ama Vanga, mwaka 1895 iliingia katika Himaya ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1920 ikawa katika Himaya ya Kenya, bali si katika Koloni, kwani ukanda wa pwani ulihesabiwa kuwa wa Sultani mpaka Desemba 1963. Leo imo katika Kaunti ya Kwale. Basi ndugu wawili wa tumbo moja waweza kuandikwa kuwa ni raia wa nchi mbili, na wote wawili wamezikwa karibu na walipozaliwa.

Tulikwenda Jasini, tukauliza, tukawapata. Ami yule aliacha wana wawili waliokuwa hai siku urithi ulipogawanywa. Mmoja tulimkuta, mzee sana, akatupokea kwa furaha. Wa pili alikwisha kutangulia mbele ya haki kabla haki yake haijamfikia. Sharia haikuufanya mpaka wa serikali kuwa kizuizi cha urithi baina ya Waislamu. Na katika mali aliyotuachia baba yetu, ilikuwamo haki ya watu bila yeye kujua. Tuliilipa kwa mzee yule na kwa warithi wa nduguye, lakini marehemu hatukuweza kumtaka radhi.

Kwa hivyo twawausia wenzetu mambo haya. Kwanza, jina la mahali liandikwe kama lilivyo katika karatasi ya zamani, herufi kwa herufi, wala lisisahihishwe. Aliyezaliwa Wilhelmstal asiandikwe Lushoto peke yake, bali yaandikwe yote mawili, na mwaka wake. Pili, iandikwe serikali iliyokuwapo wakati ule. Kismayu ilikuwa chini ya Waingereza mpaka mwaka 1925, kisha ikapewa Wataliana. Mwenye kutafuta khabari za bibi yake wa huko asiishie Nairobi. Tatu, aliyezoea kusoma khati ajue kuwa herufi za Kiarabu hazina *v*, na huenda Vanga ikaandikwa kwa *fe*. Na Wazungu nao wakiiandika Wanga. Nne, mwaka wa Hijria na wa Miladia iandikwe pamoja, kwani mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama kumi na moja. Tano, zitajwe alama zisizohama upesi: mto, kisima, mskiti, makaburi. Na mwisho, liandikwe jina la mzee aliyetoa khabari.

Kazi hii si ya wanavyuoni peke yao. Kina mama ndio wenye kujua nani alioa wapi, na nani alizikwa wapi. Basi vijana wakae nao baada ya Isha, wenye daftari na kalamu, kabla vifua hivyo havijafukiwa pamoja na yaliyomo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyakosa kwa kutojua, amrehemu baba yetu na jamaa zetu wa pande zote mbili, na atuwezeshe kuunga jamaa ambao mipaka imewatenga. Amin.