Bwana Msa na Jicho la Mkaguzi

Bwana Msa hahitaji kujulishwa kwa wasomaji wa Visiwani. Muumba wake, Marehemu Muhammed Said Abdulla, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kushika uhariri wa gazeti mwaka 1948, nasi twaamini jicho la ukaguzi halikumtoka. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapishwa mwaka 1960, mtu aonekana ameuawa mzimuni, na hofu ya wazee wa kale yatanda. Bwana Msa, asiye na cheo wala sare, huwasha kiko chake kama Sherlock Holmes wa Uingereza, akauliza, akasikiliza. Twatamani kila ofisa mwenye faili la upotevu wa mali ya umma akisome kabla hajaandika, “Sababu haikujulikana.”