Makato na Mizani: Kuijua Bei Kamili



Wachimbaji wa dhahabu wa Kahama, huko Bara, na sisi wa karafuu twaulizana swali moja: fedha iliyofika mkononi ilitoka katika bei gani?

Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Jumla ikawa 7.

Tuseme mchimbaji, baada ya makato hayo, amebakiwa na shilingi 930,000. Wengi wataongeza asilimia 7 juu yake, wapate 995,100. Sivyo. Makato hutolewa katika bei kamili, wala si katika kilichobaki.

Bei hiyo tuiite x. Katika kila 100 hubaki 93; basi 93x ÷ 100 = 930,000. Mlinganyo ni mizani: ulifanyalo upande huu, lifanye na upande wa pili. Zidisha kwa 100, gawanya kwa 93. X ni 1,000,000. Shilingi 4,900 zingepotea bila kudaiwa!

Nasi vivyo hivyo. Karafuu mbichi zikikauka hubaki kama theluthi. Ukitaka kilo 50 kavu, x ÷ 3 = 50; chuma kilo 150.

Basi, ndugu, kabla ya kutia sahihi stakabadhi, tushike kalamu kwanza.